Kabla ya kumpiga mwenzako mweleka, jifunze kuanguka

Jumamosi moja alasiri walinijia klinikini vijana wawili kutoka upande wa Nyamira. Wa kwanza, mwenye umri wa miaka 19, alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia kama mtu abebaye mtoto mchanga, na bega lake lilikuwa limeshuka. Wa pili alitembea akiwa ameinama, kiganja kiunoni, kama mzee aliyesahau mkongojo wake nyumbani. Hapa Gusii, daktari akiona hali kama hiyo huuliza jambo moja tu: "Ilikuwa bodaboda?"

"La, daktari," akajibu yule wa pili kwa aibu. "Ilikuwa judo."

Walikuwa wameona kwenye simu jinsi mtu anavyomwinua mwenzake kwa nyonga na kumbwaga chini kana kwamba ni gunia tupu. Wakaenda nyuma ya shamba la chai, wakachagua mahali penye nyasi, wakaanza kujaribu. Mara ya kwanza hakuna aliyeanguka. Mara ya pili walianguka wote wawili, wakacheka. Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba mtulinga wa yule kijana wa kwanza, yaani ule mfupa unaotoka kifuani kwenda begani, ulikuwa umevunjika katikati. Mwenzake alikuwa ameumiza misuli ya kiuno kwa kumwinua mtu mzima akitumia mgongo badala ya miguu.

Kisa hicho ningekisahau kama vingine vingi, ila wiki iyo hiyo binti yangu, aliye kidato cha kwanza, aliniletea karatasi niitie sahihi. Alitaka kujiunga na vijana wanaofunzwa judo katika ukumbi mmoja mjini Kisii. Baba yake aliisoma, akanirudishia. "Wewe ndiye daktari," akasema. "Amua."

Nilikaa na karatasi ile siku nne. Kama mama, nilitaka kusema hapana. Lakini kama daktari nilijua kwamba mtoto anayekatazwa ukumbini huenda akajifunza nyuma ya shamba la chai, na matokeo yake nilikuwa nimekwisha kuyaona. Basi nikaamua kwenda kujionea mwenyewe. Nilienda kutazama, nikaishia kuvua viatu na kujifunza pamoja na watoto, nikiwa na umri wa miaka 44. Msomaji, leo nataka nikueleze niliyojifunza kwenye mkeka na ninayoyajua kutoka klinikini, ili wewe au mwanao mkitaka kuujaribu mchezo huu, mjue pa kuanzia.

JUDO NI NINI?

Judo ilianzishwa mjini Tokyo, Japani, mwaka 1882 na mwalimu mmoja aliyeitwa Jigoro Kano. Jina hilo halitusumbui kulitamka, maana kwetu kano ni ile mishipi migumu inayofunga misuli kwenye mifupa, nayo ndiyo inayoumia zaidi kwa mtu asiyefunzwa vizuri. Kano alikuwa kijana mwenye umbo dogo, na alitafuta njia ambayo mtu mdogo angeweza kumwangusha mkubwa bila kushindana naye kwa nguvu. Neno judo lenyewe maana yake ni njia ya upole.

Mchezo huu uliingia katika Olimpiki mwaka 1964 huko Tokyo, na wanawake wakaanza kushindania medali zake rasmi mwaka 1992 huko Barcelona. Kenya nayo imewahi kuwakilishwa. Katika Olimpiki za London za mwaka 2012, Kiplangat Sang alishindana katika uzani wa kilo 90.

Sisi huku Gusii tunajulikana zaidi kwa riadha na kandanda. Ni mwana wa huku, Naftali Temu, aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, katika mbio za mita 10,000 mjini Mexico mwaka 1968. Na Shabana ikicheza katika uwanja wa Gusii, mji wote wajua. Lakini mieleka si jambo geni kwetu. Ni mtoto gani wa kiume aliyechunga ng'ombe bila kupigwa ngwara na mwenzake? Tofauti ni kwamba judo ina utaratibu, na utaratibu huo huanza mahali ambapo wengi hawapatarajii.

SOMO LA KWANZA NI KUANGUKA

Siku yangu ya kwanza nilidhani kwamba kufikia jioni ningekuwa nimemwangusha mtu. Mwalimu alicheka. "Daktari," akaniambia, "hapa hatumwangushi mtu mpaka sisi wenyewe tujue kuanguka." Kwa wiki sita mimi na watoto wale tulianguka tu. Tulianguka chali, tukaanguka kwa ubavu, tukabingirika mbele. Nilirudi nyumbani nikiwa na maumivu katika misuli ambayo mara ya mwisho niliisoma kwenye kitabu cha chuo.

Kwa nini muda wote huo? Mtu ambaye hakufunzwa, akihisi anaanguka, hunyoosha mkono ili ajizuie. Ni jambo la kimaumbile, hata mtoto mdogo hulifanya. Lakini uzito wote wa mwili hutua juu ya kiganja kimoja, kisha nguvu hiyo hupanda: kifundo cha mkono, kiwiko, bega, mtulinga. Mahali palipo dhaifu ndipo panapovunjika. Ndivyo alivyoumia kijana wetu wa Nyamira.

Judo hukufundisha kufanya kinyume. Badala ya kutua kwa nukta moja, unatua kwa sehemu kubwa ya mwili, na badala ya kusimama ghafla, unabingirika. Nguvu ile ile ikigawanywa juu ya eneo kubwa na muda mrefu kidogo, haina ukali wa kuvunja mfupa. Anguko la chali hufanywa hivi:

1. Chuchumaa kwanza. Usianze ukiwa umesimama. Mtu aliye karibu na mkeka hana mbali pa kuanguka.

2. Kunja kidevu mpaka kikaribie kifua, na macho yako yatazame fundo la mshipi wako kiunoni. Hii ndiyo kanuni kuu kuliko zote. Ukiliona fundo, kisogo chako hakiwezi kugonga chini.

3. Viringisha mgongo uwe kama tao, kisha jiachilie nyuma. Makalio yatangulia, kiuno chafuata, halafu mabega.

4. Mabega yanapokaribia kugusa, piga mkeka kwa mikono yote miwili, viganja vikitazama chini, mikono ikiwa imenyooka na kukaa mbali kidogo na mbavu. Usiiinue hadi usawa wa mabega, wala usiiweke nyuma yako.

5. Toa pumzi wakati huo huo. Anayezuia pumzi hukakamaa, na aliyekakamaa huumia.

Ukiweza kufanya hivyo mara 20 bila kichwa kugusa mkeka hata mara moja, ndipo uanze ukiwa umesimama.

KICHWA HAKINA KIPURI

Huenda ukadhani mwalimu wetu alizidisha. Hakuzidisha. Huko Japani kwenyewe, nyumbani kwa judo, mtafiti Ryo Uchida wa Chuo Kikuu cha Nagoya alipokusanya hesabu za ajali za judo shuleni, aligundua kwamba kati ya mwaka 1983 na 2011 wanafunzi zaidi ya 100 walikuwa wamepoteza maisha. Wengi wao walikuwa wageni katika mchezo, na majeraha ya kichwa yaliongoza. Mara nyingi mweleka uliohusika ni ule wa kufagia mguu wa mwenzako kutoka nyuma, ambao sisi tungeuita ngwara. Aliyepigwa huanguka kinyumenyume, na kama hajajua kukunja kidevu, kisogo hutangulia.

Yafaa ujue kinachotokea ndani. Kati ya ubongo na fuvu kuna mishipa midogo ya damu iliyonyooka kama nyuzi. Kichwa kikitikiswa kwa ghafla, ubongo husogea ndani ya fuvu na nyuzi hizo zaweza kukatika. Damu huvuja polepole na kuubana ubongo. Mtoto anaweza kuinuka, akajipangusa, akasema hana neno, kisha baada ya saa chache akazirai. Tena kichwa si lazima kigonge sakafu. Mtikiso mkali peke yake waweza kutosha.

Habari njema ni kwamba Wajapani walipoanza kulizungumza jambo hili waziwazi, wakasisitiza mafunzo ya kuanguka na kuwaelimisha walimu wao, vifo vilipungua sana. Ndiyo kusema ajali hizi zaweza kuzuiwa. Niliposoma hayo, nilijua swali la kumwuliza mwalimu wa binti yangu. Sikumwuliza kuhusu medali zake. Nilimwuliza: "Watoto hawa huanguka wiki ngapi kabla ya kuangushwa?"

MWELEKA UNA NGAZI TATU

Wiki ya saba ilipofika, tulianza mweleka. Wengi hudhani mweleka ni tendo moja la nguvu. Sivyo. Una ngazi tatu, na ya mwisho ndiyo ndogo kuliko zote.

Ngazi ya kwanza ni kumvunja mwenzako mizani. Mfikirie mama anayeteremka kilima cha Manga baada ya mvua, mkungu wa ndizi kichwani. Madamu uzito wake uko juu ya nyayo zake, hata mtu mwenye nguvu hawezi kumwangusha kwa urahisi. Lakini udongo ukiteleza kidogo na uzito ukatangulia mbele ya vidole vya miguu, mtoto mdogo akimgusa ataanguka. Kila mwili wa binadamu una kitovu cha uzito, nacho kwa aliyesimama wima kiko chini kidogo ya kitovu chake cha kawaida, ndani ya nyonga. Kikitoka nje ya nafasi ya nyayo, mtu huyo keshaanguka. Kilichobaki ni kumwonyesha pa kutua.

Ngazi ya pili ni kujipanga, yaani kuuingiza mwili wako mahali unapotakiwa. Ngazi ya tatu ni kumalizia. Vijana wetu wa shamba la chai walianza na ngazi ya tatu. Walimwinua mtu aliyesimama imara, na kwa hiyo kiuno kikalipa.

MWELEKA WA NYONGA, HATUA KWA HATUA

Mweleka ambao wanaoanza hufunzwa mapema ni ule mkubwa wa nyonga. Nitaueleza kwa mtu atumiaye mkono wa kulia. Tafadhali usiujaribu sebuleni baada ya kusoma gazeti. Usome ili ukifika mbele ya mwalimu uelewe anachokuambia.

1. Simameni mkitazamana, magoti yamelegea. Kwa mkono wako wa kushoto shika mkono wa nguo ya mwenzako upande wake wa kulia, karibu na kiwiko.

2. Mvute mbele na juu kidogo, kana kwamba unataka kuitazama saa iliyo kwenye kifundo chako cha mkono wa kushoto. Usimvute kwa mabega peke yake, sogea nawe. Ukihisi visigino vyake vinaanza kuinuka, mizani imevunjika. Kama havijainuka, simama hapo, anza upya.

3. Weka mguu wako wa kulia mbele ya mguu wake wa kulia, kwa ndani. Papo hapo pitisha mkono wako wa kulia chini ya kwapa lake la kushoto mpaka umzunguke kiunoni.

4. Geuka. Mguu wako wa kushoto uzunguke nyuma hadi uwe mbele ya mguu wake wa kushoto. Sasa mnatazama upande mmoja, mgongo wako umegusa kifua chake.

5. Kunja magoti mpaka nyonga zako ziwe chini ya zake. Hapa ndipo wengi hukosea. Nyonga zako zikiwa juu, utajaribu kumwinua. Zikiwa chini, atakuwa amekwisha kukukalia.

6. Nyoosha magoti, endelea kuvuta ule mkono wake, na ugeuze kichwa chako upande wa kushoto. Mwenzako atapinduka juu ya nyonga yako na kutua mbele yako.

7. Usiuachilie ule mkono wa nguo yake. Ukimshikilia na kumvuta juu kidogo anapotua, kichwa chake kitabaki mbali na mkeka naye atatua kwa ubavu, akipiga mkeka kwa mkono wake ulio huru. Aliyemwachilia mwenzake angani amemtupa tu.

Mchuma chai wa Nyamira atakielewa kiini cha jambo hili kuliko mtu wa ofisini. Yeye hubeba kapu lake likiwa limegusa mgongo, na anapoinuka hutumia mapaja. Mzigo ulio mbali na mwili huulemea uti wa mgongo mara nyingi zaidi ya ulio karibu. Ndiyo sababu mwalimu hutuambia kila siku: gusa kwanza, kunja magoti, ndipo uinuke.

Kabla ya kumwangusha mtu, tulifanya hatua ya kwanza hadi ya tano peke yake, tukaingia na kutoka, mara 10, mara 20, mara 50. Watoto walinung'unika. Mimi pia nilinung'unika, kimoyomoyo. Lakini mwili hujifunza kwa kurudia, na makosa hurekebishwa vyema mtu akiwa bado amesimama.

MAKOSA NINAYOYAONA

Kwa wanaoanza, makosa yanayoleta wagonjwa klinikini ni machache na hufanana.

Kupinda mgongo badala ya magoti huumiza kiuno. Kugeuza mwili huku unyayo umeng'ang'ania chini husokota goti, na kano za ndani ya goti zikikatika, kijana anaweza kukaa miezi mingi bila kucheza; geuka kwa vidole, kisigino kikiwa kimeinuka. Kumwangukia mwenzako uliyemwangusha humvunja mbavu. Na kung'ang'ania usianguke wakati umekwisha kushindwa ndiko kunakovunja mikono. Katika judo anayekubali kuanguka huinuka mapema.

MAHALI, MWALIMU NA USAFI

Usikubali mwanao aangushwe juu ya saruji, wala juu ya nyasi. Nyasi huonekana laini, lakini chini yake mna mawe na udongo ulioshikana. Mikeka maalumu ya judo ni ghali, na najua si kila mahali huku kwetu inapatikana. Walimu wengine hutandaza maranda ya mbao kwa unene wa kutosha na kuyafunika kwa turubai iliyovutwa barabara. Si kama mkeka wenyewe, lakini ni afadhali mara nyingi kuliko sakafu tupu. Kagua pia kama mikeka imeshikana, maana kidole cha mguu kikiingia katika ufa huvunjika.

Mwalimu mwema hulinganisha watoto kwa uzani na umri. Hamruhusu mtu wa kilo 80 kumwangusha wa kilo 45. Hutazama wawili wawili walivyo mbali na wenzao, na mtu akigonga mkeka au mwili wa mwenzake mara mbili, ishara ya kusema basi, kila kitu husimama.

Usafi nao ni dawa. Choa na mapunye huenea kwa urahisi ngozi zinaposuguana. Kata kucha za mikono na miguu, oga kabla na baada, fua nguo za judo kila baada ya mazoezi, na mikeka ipanguswe kwa dawa ya kuua viini. Mwenye jipu, upele au kidonda kinachotoa maji apumzike mpaka apone. Damu ikitoka, mchezo husimamishwa, kidonda hufunikwa na mkeka husafishwa. Hilo si jambo la kubishania.

NANI AMWONE DAKTARI KWANZA?

Mtu mwenye afya njema, mtoto kwa mkubwa, anaweza kuanza judo. Lakini muone daktari kwanza iwapo una shinikizo la damu lisilotulia, ugonjwa wa moyo, kifafa, ugonjwa wa macho uliowahi kufanyiwa upasuaji, mifupa myepesi, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mama mjamzito asiangushwe. Na ukiwa umevuka miaka 40 kama mimi, uliyekaa kitini miaka mingi, anza kwa kutembea na kupanda vilima vyetu kwa wiki kadhaa kabla ya kukanyaga mkeka.

DALILI ZA HATARI

Kata sehemu hii, uibandike mahali. Mtu aliyegongwa au kutikiswa kichwa asiendelee kucheza siku hiyo, hata akidai hana neno. Mpeleke hospitali mara moja ukiona lolote kati ya haya: maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika tena na tena, usingizi usio wa kawaida au ugumu wa kumwamsha, kuchanganyikiwa au kurudia maswali, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko nyingine, degedege, udhaifu wa mkono au mguu, au maji meupe au damu kutoka puani au sikioni. Usimpe dawa ya maumivu na kumwambia alale ili aone kesho.

Akiwa na maumivu ya shingo baada ya kuanguka, au ganzi mikononi, usimwinue. Mwache alale vivyo hivyo, zuia kichwa chake kisigeuke, na uite msaada.

Ukishuku mfupa umevunjika au kiungo kimetoka, usikivute wala usimpeleke kwa mtu wa kukanda. Kifunge kisicheze na umpeleke akapigwe picha. Kijana wetu wa Nyamira hakufanyiwa upasuaji. Alifungwa mkono shingoni kwa kitambaa, akaambiwa asinyanyue kitu, na baada ya wiki chache mfupa ukaanza kushikana. Angalikandwa, labda ningekuwa nasimulia mengine.

KUANGUKA KWINGINE

Msomaji, labda huna haja na judo. Lakini huna hiari kuhusu kuanguka. Huku kwetu mvua haituachi kwa muda mrefu, vijia vya milimani ni vya udongo mwekundu, na wazee wetu hupanda na kushuka kila siku. Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa nguvu aliyelima shamba lake mwenyewe. Asubuhi moja aliteleza akitoka kisimani, akaanguka kwa ubavu, nyonga ikavunjika. Tulimtibu, lakini hakurudi tena shambani mpaka alipofariki. Nilipokuwa nikijifunza kuanguka kwa ubavu kwenye mkeka ule, nilimkumbuka mara nyingi.

Watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walichunguza mbinu hizi za kuanguka zinazotokana na michezo ya aina ya judo, wakaona kwamba mtu akiangukia ubavu huku akibingirika, nguvu inayoigonga nyonga hupungua. Simwambii bibi wa miaka 75 aende akapigwe mweleka. Mwenye mifupa myepesi asijaribu kuanguka peke yake. Namwambia atembee, aimarishe mapaja kwa kuinuka kitini mara 10 asubuhi na jioni bila kujishika, avae viatu visivyoteleza, na apimwe macho. Nawe mwenye miaka 15 au 40, jifunze kuanguka sasa, mwili ungali unakubali, na mazoea hayo yatabaki nawe.

Lakini tusidanganyane: hakuna anguko la judo linalomwokoa mtu aliyerushwa kutoka kwenye bodaboda inayokimbia. Hapo kofia ngumu ndiyo kinga. Ivae, uifunge chini ya kidevu.

KARATASI ILE

Niliitia sahihi karatasi ya binti yangu wiki ile ya kwanza, nilipomwona mwalimu akimsimamisha kijana hodari mbele ya wote na kumrudisha kwenye kuchuchumaa kwa sababu tu kidevu chake kilikuwa kimeinuka. Nikasema moyoni, huyu namwachia mwanangu.

Mwezi wa nne binti yangu aliingia, akanivunja mizani, akakunja magoti kama alivyofunzwa, nami nikaiona dari ya ukumbi ikipita mbele ya macho yangu. Nikalitafuta fundo la mshipi wangu. Nikatoa pumzi, nikapiga mkeka. Alikuwa bado ameushika mkono wa nguo yangu.

"Mama, umeumia?" akauliza.

"Hapana," nikamwambia. "Lakini nyonga zako zilikuwa juu kidogo. Rudia."